Sura ya 4: Mtoto wa Mhunzi wa Lansing

Tarehe 21 Agosti 1897, katika mji wa Lansing, jimbo la Michigan, watu wachache wenye fedha waliketi na fundi mmoja wakaanzisha kampuni ya magari. Katika maagizo ya mwanzo ambayo bodi ilimpa fundi huyo limo moja ambalo hunirudia kila ninapopita kwenye kiwanda chochote kikubwa: atengeneze gari moja, na alitengeneze vizuri kadiri inavyowezekana. Gari moja. Hakuna aliyetaja kumi, wala mia.

Fundi mwenyewe aliitwa Ransom Eli Olds, mwenye umri wa miaka 33. Mwaka 1904 kampuni iliyokuwa na jina lake ilitoa zaidi ya magari 5,000, mengi kuliko ya mtengenezaji mwingine yeyote wa Marekani. Leo ukiuliza nani aliyeanza kutengeneza magari kwa wingi, utajibiwa Henry Ford, na jibu hilo limezoeleka kiasi kwamba watu hawalihoji tena. Ford alifanya makubwa, na sura inayofuata ni yake. Lakini alipofika alikuta njia imekwisha kufyekwa. Sura hii ni ya aliyeifyeka.

Olds alizaliwa tarehe 3 Juni 1864 katika kijiji cha Geneva, jimbo la Ohio. Baba yake, Pliny Fisk Olds, alikuwa mhunzi, mtu wa mvukuto na fuawe, na familia ilihamahama kutafuta riziki mpaka mwaka 1880 ilipotua Lansing. Hapo baba alifungua karakana ya kutengeneza na kukarabati mashine. Kijana Ransom alikuwa akifanya kazi humo nje ya saa za shule, na kazi nyingine ya nyumbani iliyomwangukia ilikuwa kumtunza farasi wa familia: kumlisha, kumsafisha, kumfunga kwenye mkokoteni na kumfungua. Inasimuliwa kwamba hakuipenda hata kidogo, hasa ile harufu. Alipopata fedha kidogo alinunua sehemu ya kaka yake Wallace katika karakana, na biashara ikawa ya baba na mwana.

Kilichowainua kwanza hakikuwa gari, kilikuwa injini ndogo ya mvuke. Injini za mvuke za wakati ule zilitaka kuni au makaa, zilitaka mtu wa kuchochea moto, na zilitaka subira mpaka boila ichemke. Akina Olds waliweka chini ya boila jiko la petroli, kwa mfano wa majiko ya kupikia, na mvuke ukapatikana kwa muda mfupi bila moshi wa makaa na bila kumwajiri mchochezi. Mwenye karakana ndogo, aliyetaka nguvu ya kuzungusha mashine mbili tatu tu, alipata kifaa kinachomfaa. Nataka msomaji aikumbuke injini hii, kwa sababu maisha yote ya Olds yanafuata mkondo wake: chukua kitu ambacho wakubwa wanacho, kipunguze, kirahisishe, kifikishe kwa mtu wa kawaida.

Mwaka 1887 alifunga injini ya namna hiyo kwenye chombo cha magurudumu matatu, akakitoa barabarani alfajiri, kabla majirani na farasi wao hawajaamka. Kilisogea kwa tabu. Chombo cha pili, cha magurudumu manne, kilifanya vizuri zaidi, na mwaka 1892 jarida la Scientific American likakiandika. Makala hiyo ilisomwa mbali. Mwaka uliofuata kampuni moja ya kibiashara iitwayo Francis Times ilikinunua kwa ajili ya tawi lake la Bombay, India. Kwa hiyo gari la Olds liliuzwa ng'ambo kabla hajawa na kiwanda cha magari.

Lakini alikwisha kuona kwamba mvuke una mwisho wake. Mwaka 1896 aliendesha katika mitaa ya Lansing gari lenye injini ya petroli, bodi yake ikiwa imetengenezwa katika karakana ya jirani yake, Frank Clark, aliyekuwa fundi wa magari ya farasi. Mwaka huohuo, huko Detroit, Charles King na Henry Ford nao waliendesha magari yao ya kwanza. Wazo lilikuwa hewani, kila mwenye tupa na nyundo akilivuta upande wake. Kilichowatenganisha hawa watu baadaye ni swali lililofuata: gari la kwanza likishatembea, la mia litatoka wapi?

Wenye fedha wa Lansing hawakuwa na jibu wala mtaji wa kutosha. Jibu lilianza kuonekana mwaka 1899, tajiri Samuel L. Smith, aliyechuma katika shaba na mbao, alipotoa fedha na kampuni ikahamia Detroit kwa jina la Olds Motor Works. Walijenga kiwanda Jefferson Avenue, karibu na mto. Smith alikuwa na watoto wa kiume waliohitaji kazi, na mmoja wao, Frederic, akawa mkubwa katika uongozi. Jina lake tutakutana nalo tena.

Mwanzo wa Detroit ulikuwa wa kuhangaika. Olds alijaribu aina nyingi kwa wakati mmoja, za petroli na hata za umeme, nyingine za bei ya juu kabisa, na fedha ya Smith ikawa inaondoka bila kurudi. Ndipo akarudi kwenye hekima ya ile injini ndogo. Akachora gari la watu wawili, jepesi, la silinda moja iliyolazwa chini ya kiti, lenye gia mbili za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma. Halikuwa na usukani wa duara. Dereva alishika fimbo iliyopinda, kama nahodha anavyoshika kana. Mbele ubao wa miguuni ulijikunja kuelekea juu kama omo la jahazi, na mkunjo huo ndio uliolipa jina gari lenyewe, Curved Dash. Uzito wake ulikuwa kama kilo 300 na mwendo wake kilomita 30 hivi kwa saa. Hendeli ilitokeza ubavuni karibu na kiti, si puani, kwa hiyo mwenye gari hakuhitaji kusimama mbele ya mashine na kupigana nayo. Mtu yeyote aliyewahi kuwa utingo wa lori la hendeli anajua faraja hiyo ina thamani gani. Bei ilikuwa dola 650, wakati magari mengi ya heshima yaliuzwa kwa maelfu.

Halafu ukaja moto.

Tarehe 9 Machi 1901, siku ya Jumamosi, kiwanda cha Jefferson Avenue kiliteketea. Simulizi iliyoenea ni kwamba karani mmoja kijana, James Brady, aliingia kwenye moshi akalisukuma nje gari moja tu, nalo lilikuwa Curved Dash. Kwamba michoro na mifano mingine yote iliungua. Na kwamba kampuni ikalazimika kutengeneza gari hilo kwa sababu ndilo pekee lililobaki. Ni simulizi tamu, na kampuni yenyewe iliipenda. Wanahistoria wa baadaye waliitilia shaka, nami nipo upande wao. Gari dogo lilikuwa limekwisha kutangazwa na oda zilikwisha kuanza kuingia kabla ya moto. Olds alikuwa amekwisha kuchagua. Moto haukumchagulia gari.

Ulichofanya moto ni kitu kingine, na kwangu ni kikubwa zaidi. Ulimnyang'anya Olds mashine zake wakati wateja wako mlangoni. Hakuwa na pa kusubu vyuma, hakuwa na pa kukereza shafti, hakuwa na muda. Kidole kimoja hakivunji chawa. Akawaendea wenye karakana wa Detroit, mmoja baada ya mwingine, akawagawia gari lake vipandevipande.

Hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu majina yanayofuata ndiyo yaliyoijenga Detroit.

Gia alizipeleka kwa ndugu wawili wenye nywele nyekundu, John na Horace Dodge, mafundi wa kukereza vyuma walioshikamana kiasi cha kukataa barua iliyoandikiwa mmoja wao bila mwenzake. Radieta na kazi ya mabati aliwapa akina Briscoe. Na injini, injini 2,000 kwa mkataba mmoja, aliziagiza kwa Henry Leland wa kampuni ya Leland & Faulconer.

Leland alikuwa mzee kati ya vijana hawa, na alikuwa amejifunza kazi mahali ambapo kosa la unene wa unywele lilihesabika: katika viwanda vya bunduki wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kisha katika kampuni ya Brown & Sharpe, mabingwa wa vifaa vya kupimia. Inasimuliwa kwamba katika maonyesho ya magari ya Detroit mwaka 1901 injini yake iliwekwa kando ya nyingine ya muundo uleule, zote zikinguruma, saa za kuonyesha mwendo zikisoma sawa. Mtu mmoja mdadisi akachungulia nyuma, akakuta injini ya Leland imefungwa breki. Bila kuizuia ingemwacha mwenzake mbali. Michoro ilikuwa ileile, chuma kilekile. Tofauti ilikuwa vipimo tu.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, fikiria karakana ya kawaida ya miaka ile. Fundi anapokea kipuri, anakijaribu, hakiingii. Anachukua tupa, anakikwangua, anajaribu tena, anakwangua tena, mpaka kinakaa. Gari linakamilika na linatembea, lakini kila kipuri chake kimezoeana na mwenzake peke yake, kama mume na mke. Kikivunjika, dukani hakuna mbadala. Lazima fundi mwingine, na tupa nyingine. Kwa namna hiyo unaweza kutengeneza magari 20, labda 50. Elfu huwezi, kwa kuwa mafundi wa tupa elfu huwapati popote na hata ukiwapata utafilisika kwa mishahara. Utengenezaji wa wingi ulianza siku kipuri cha gari la kwanza kilipoweza kukaa kwenye gari la elfu bila kuguswa na tupa. Mwaka 1908 Leland, wakati huo akiwa mkuu wa Cadillac, alilithibitisha hili mbele ya Waingereza huko Brooklands: magari matatu yalifumuliwa, vipuri vikachanganywa, vikaunganishwa upya, na magari yakawaka na kukimbia maili 500.

Vipande vya magari ya Olds vilipofika kutoka kwa watu wa namna hii, kazi iliyobaki kwake ilikuwa ya kuviunganisha. Alipanga kiwanda ili gari lipite kwa makundi ya wafanyakazi kwa utaratibu, kila kundi likiongeza sehemu yake, na vifaa vikisogezwa kwao badala ya wao kuvifuata. Hapakuwa na mkanda wa mashine unaovuta magari. Huo ulingoja miaka 12 mingine. Lakini mtu aliyesimama pale angeona tayari kitu ambacho karakana ya mhunzi haikuwahi kukijua: kazi imegawanywa, na hakuna mkono mmoja uliolitengeneza gari zima.

Kulikuwa pia na siri ya fedha, na naona vitabu vingi huipita haraka. Benki hazikuwa na imani na biashara ya magari. Wenye karakana walimpa mtengenezaji vipuri kwa mkopo wa miezi, naye aliuza magari kwa fedha taslimu, mawakala wakitanguliza malipo ya awali. Gari liliweza kuuzwa kabla bili ya radieta yake haijafika siku ya kulipwa. Wenye karakana, kwa upande wao, wakiwa na oda ya maelfu mkononi, walithubutu kununua mashine ambazo wasingezinunua kwa oda ya kumi. Hivyo ndivyo karakana zilizokuwa zikihudumia meli, majiko na baiskeli zilivyogeuka kuwa viwanda vya vipuri vya magari.

Wateja walihitaji kuaminishwa. Mwishoni mwa Oktoba 1901 Olds alimtuma kijana wa miaka 21, Roy Chapin, alipeleke gari hadi kwenye maonyesho ya New York kwa kuliendesha. Barabara zilikuwa tope tupu. Chapin alipita upande wa Kanada, akaingia tena Marekani penye maporomoko ya Niagara, na alipochoshwa na matope akapanda kwenye njia ya nyumbu kando ya mfereji wa Erie, ambako wenye nyumbu walimpokea kwa matusi. Vipuri vilivunjika, akabadilisha, akaendelea. Siku ya nane aliingia New York ametapakaa grisi na udongo, na katika hoteli ya Waldorf-Astoria, alikofikia Olds, inasemekana bawabu alimwelekeza mlango wa watumishi. Katika maonyesho yale wakala Ray Owen alikubali kuchukua magari 1,000.

Mwaka ule wa moto yalitoka magari 425. Mwaka 1902 yakawa 2,500, na mwaka 1903 yakakaribia 4,000. Wafanyabiashara wa Lansing waliirudisha kampuni nyumbani kwa kuipa kiwanja cha zamani cha maonyesho ya jimbo, na kwa muda ilitengeneza magari katika miji yote miwili. Madaktari waliyapenda, kwa kuwa mgonjwa wa usiku hasubiri farasi afungwe. Mwaka 1903 Lester Whitman na Eugene Hammond walivuka bara zima kwa gari hilo dogo, kutoka San Francisco hadi New York.

Basi angalia waliokuwa wameshika vipande vya gari lile walikokwenda. Leland alibaki na Cadillac, baadaye akaanzisha Lincoln. Benjamin Briscoe aliingia ubia na Jonathan Maxwell, aliyewahi kufanya kazi kwa Olds, wakatoa magari ya Maxwell. Chapin na mhandisi Howard Coffin walikuwa kati ya waanzilishi wa Hudson. Na ndugu wa Dodge? Mwaka 1903 waliiacha oda ya Olds wakaenda kumtengenezea injini na chesisi mtu aliyekuwa amekwisha kushindwa mara mbili katika biashara ya magari, wakapewa asilimia 10 ya hisa za kampuni yake mpya. Mtu huyo alikuwa Henry Ford. Kiwanda chake cha mwanzo cha Mack Avenue kilikuwa mahali pa kuunganishia vitu vilivyoletwa na wengine, kama Olds alivyofanya. Mwaka 1919 Ford alizinunua hisa za akina Dodge kwa dola milioni 25.

Mkanda wa kiwanda cha Highland Park wa mwaka 1913, uliopunguza muda wa kuunganisha chesisi kutoka saa 12 na nusu hadi dakika 93, ni kazi ya Ford na watu wake, na sifa hiyo ni yao. Lakini mkanda hauna maana kama hakuna vipuri vinavyofanana vya kuuwekea, na hakuna mji uliojaa watu wanaojua kuvitengeneza. Mji huo ulikwisha kuwepo, na ulizoea kazi hiyo kwa oda za Olds.

Yeye mwenyewe alikwisha kuondoka. Frederic Smith aliona gari dogo limepitwa, akataka magari makubwa ya watu wenye uwezo, akaanzisha idara ya majaribio bila kumwambia. Mtoto wa mhunzi alikuwa ametengeneza kilichoiokoa kampuni, lakini hisa nyingi zilikuwa za wengine. Mwanzoni mwa 1904 akauza alizokuwa nazo akatoka. Baada ya miezi michache marafiki wa Lansing walimchangia mtaji wa kampuni mpya, na kampuni ya zamani ilipomtishia kwa kutumia jina la Olds, akachukua herufi zake za mwanzo tu: REO. Mauzo ya Oldsmobile, kama magari ya kampuni ya zamani yalivyoitwa, yaliporomoka chini ya akina Smith, na mwaka 1908 General Motors ikaichukua. REO ikapanda.

Hapo ndipo naona aliposita. Mwaka ule Ford alipotoa Model T, Olds alikuwa na umri wa miaka 44, tajiri, mwenye jina, na alikuwa na kila kitu cha kushindana naye isipokuwa hamu. Mwaka 1912 tangazo la gari la REO the Fifth lililinadi kama gari lake la kuagia. Nguvu zake zikaenda kwenye mambo mengine: mashine ya kukata majani yenye injini, na mji mzima alioujenga Florida, unaoitwa Oldsmar hadi leo. Lori dogo la REO Speed Wagon lilipotoka mwaka 1915 lilipata soko zuri, lakini mwenye kampuni hakuwa tena mtu wa kuamkia kiwandani. Tangu hapo hakumtafuta tena mnunuzi wa dola 650, na hilo linanisikitisha kwa sababu hakuna aliyemwelewa mnunuzi huyo mapema kuliko yeye.

Alifariki Lansing tarehe 26 Agosti 1950. Kiwanda cha REO, kilichokuwa kimebaki na malori, kilifilisika mwaka 1975. Oldsmobile ya mwisho ilitoka kiwandani hapohapo Lansing tarehe 29 Aprili 2004.

Nyumba yake kubwa ilikuwa South Washington Avenue. Banda la gari lilikuwa na sahani kubwa sakafuni: Olds akiingiza gari, sahani inazunguka na gari juu yake, na asubuhi anatoka likiwa limeelekea barabarani, bila kurudi nyuma hata hatua moja. Kisha serikali ilipopitisha barabara kuu ya I-496 katikati ya Lansing, nyumba hiyo ilibomolewa, na pamoja nayo ukabomolewa mtaa wa Wamarekani weusi waliokuwa wakifanya kazi katika viwanda vya magari vya mji ule. Kipande hicho cha barabara kimepewa jina la Olds. Magari hupita hapo mchana na usiku.